Pudini ya Kokoa Haidai Yai

Mtu akitangaza hapa Kiembe Samaki kwamba atapika pudini ya chokoleti na matunda bila yai hata moja, hakosi wa kumpinga. Wa kwanza atamwambia haitaganda. Wa pili atamuuliza nani mgonjwa nyumbani. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye fundi wa kupika mtaani, atanyamaza asubiri aibu. Upinzani huu una asili yake. Pudini inayojulikana zaidi Unguja ni ile ya mayai, yenye sukari iliyounguzwa chini, inayopikwa kwa mvuke kisha ikapinduliwa kwenye sahani watu wakishusha pumzi. Aliyekulia nayo ana haki ya kushangaa akiambiwa yai limeondolewa. Ila kushangaa ni jambo moja na kusema haiwezekani ni jambo jingine. Hoja zao nimezisikia jikoni, dukani na ndani ya daladala za uwanja wa ndege. Baadhi zina ukweli ndani yake, na hizo nitazikubali. Nyingi hazina.

Kwanza tukubaliane tunabishania kitu gani. Nusu lita ya maziwa, yaani vikombe viwili. Vijiko vitatu vya chakula vya unga wa kokoa, vitatu vya konflawa, ule wanga mweupe wa mahindi, na vitano au sita vya sukari kwa kadiri ya ulimi wa nyumba. Chumvi kidogo kabisa. Hiliki iliyopondwa, au vanila. Ukiwa na kipande cha chokoleti nyeusi, gramu 50 zinatosha. Usipokuwa nacho hakuna kilichoharibika. Vitu vikavu vichanganywe vikiwa vikavu, vilainishwe kwa maziwa baridi kidogo hadi pasibaki donge, kisha maziwa mengine yamiminwe, sufuria iwekwe motoni na mkono usipumzike mpaka ichemke. Ikichemka, iachwe motoni dakika moja au mbili huku ukikoroga taratibu, iipuliwe, chokoleti na hiliki zitiwe, halafu imiminwe kwenye vikombe au bilauri. Matunda hupangwa katikati au juu. Ni hayo tu.

"Haitaganda."

Hii ndiyo hoja mama, na anayeitoa anadhani yai ndilo kitu pekee kinachoweza kuyasimamisha maziwa. Yai hushikisha kwa protini yake, ambayo ikipata joto hukunjuka na kukamatana. Mchanganyiko wa maziwa na mayai hukaza karibu na nyuzijoto 80 za Selsiasi, na ukizidisha moto kidogo tu hukatika, maji yakaenda upande wao na mabonge upande wao. Ndiyo sababu pudini ya mayai hupikwa kwa moto wa kubembelezwa. Wanga huifanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine kabisa. Chembe zake hunywa maji na kuvimba. Kwa wanga wa mahindi uvimbe huanza kati ya nyuzijoto 62 na 72 hivi, lakini uzito wake kamili huja karibu na kuchemka, kwenye 95. Pudini ikipoa, molekuli ndefu zilizotoka ndani ya chembe hizo hukamatana na kuyafunga maji. Hapo imeganda, na yai halikuitwa.

Tofauti hii ya joto ndiyo chanzo cha lawama nyingi zisizostahili. Mpishi aliyezoea mayai ana hofu ya kuchemsha, kwa hiyo huipua sufuria mara tu aonapo mvuke. Kwa mayai amefanya vyema. Kwa wanga amekosea: chembe bado hazijafunguka, pudini inabaki majimaji yenye ladha ya unga mbichi, na kesho yake mtaa mzima unaambiwa kwamba bila yai haigandi. Dawa ni kuisubiri ichemke kweli, mapovu makubwa yapasuke katikati ya sufuria na si pembeni tu. Kinyume chake pia ni kosa. Anayeendelea kuipiga kwa nguvu baada ya kuwa nzito huzipasua chembe zilizovimba, na pudini hulegea tena.

Kinachonishangaza ni kwamba wanaobisha haya ni watu waliolelewa kwa halua. Halua iliyotujia kutoka Oman, ile ya harusini na sikukuu, ile ambayo msafiri wa Pemba akirudi bila ya kuibeba huulizwa, ni wanga, maji, sukari, samli na hiliki, ikakorogwa saa nyingi hadi ikanyanyuka kwenye chombo. Sijapata kusikia mpika halua akiulizwa yai lake liko wapi. Faluda nayo husimama bila yai. Hata bakuli la kastadi linaloonekana kwenye futari nyingi za Ramadhani, ambalo watu huapa kwamba lina mayai kwa sababu ni la manjano, limesimamishwa na wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu ya vanila. Unga huo ulibuniwa mwaka 1837 mjini Birmingham, Uingereza, na Alfred Bird, mtu wa duka la dawa ambaye mkewe Elizabeth hakuweza kula mayai. Kopo hilo lilizaliwa kwa ajili ya kulikwepa yai, na sisi tumelikaribisha jikoni kwa miaka na miaka tukidhani tunalikaribisha yai.

Kuna wengine hujaribu kusuluhisha: "Basi tia japo kiini kimoja, kwa uhakika." Huu ni ushauri mbaya kuliko unavyoonekana. Kiini cha yai kina kimeng'enya cha amilesi, na kazi ya amilesi ni kuvunja wanga. Ukitia kiini kisha usichemshe ipasavyo kwa kuogopa kisikatike, kimeng'enya kinabaki hai na kuula ule wanga polepole. Pudini uliyoilaza nzito unaikuta asubuhi imekuwa kinywaji. Amilesi imo pia kwenye mate. Kwa hiyo kijiko ulichoonjea usikirudishe chunguni, hata kama jikoni uko peke yako.

"Hiyo ni uji wa kahawia."

Hapa wana nusu ya haki. Nimeonjeshwa pudini zilizokuwa uji kweli, na sababu ilikuwa moja kila mara: mpishi kwa kuhofia isigande alijaza wanga. Vijiko vitatu kwa nusu lita vinatosha, kwa kuwa kokoa yenyewe ina wanga wake na huongeza uzito. Sababu ya pili ni aina ya wanga. Wa muhogo huvutika, na mvuto huo ni sifa kwenye halua, kero kwenye pudini. Wa mahindi hukatika vizuri kwa kijiko. Unga wa mchele nao unafaa ukisagwa laini sana, ingawa huacha chenga ndogondogo ulimini, na wapo wanaozipenda.

Kitu kinachokosekana kweli yai likiondoka ni mafuta ya kiini, ambayo hulainisha mdomo. Yanapatikana kwingine. Kile kipande cha chokoleti huja na mafuta yake ya kokoa, na kijiko kimoja cha siagi kikitiwa baada ya kuipua hufanya kazi hiyohiyo. Mimi nitamshauri wa pwani atumie tui. Kikombe kimoja cha maziwa na kimoja cha tui zito, au tui tupu kwa asiyekunywa maziwa, hutoa pudini ambayo Ulaya hawakuifikiria mapema. Watu huogopa kwamba tui likichemka litakatika. Kwenye mchuzi hukatika kweli ukiliacha bila kulikoroga, lakini ndani ya pudini wanga huyashika mafuta yake yasitengane.

Kwa upande wa ladha, yai halina la kudai. Kokoa ni kali mno kuliacha lisikike. Linachoweza kuongeza ni ile harufu ya mayai ambayo watu huipiga vita kwa vanila.

"Bila ya oveni usijisumbue."

Jiko la gesi linatosha, la mkaa pia, mradi moto wa mkaa upunguzwe ili chini isishike. Oveni haihusiki.

"Kokoa ni kokoa, hata ile ya kunywa."

Hii ndiyo hoja inayoharibu pudini nyingi kuliko zote, na husemwa na muuza duka aliyeishiwa kokoa. Poda ya chokoleti ya kinywaji kwa kawaida ni sukari kwanza na kokoa baadaye. Soma ubavu wa kopo, viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Ukiitumia badala ya kokoa halisi utapata pudini tamu sana, nyeupe-nyeupe, isiyo na uchungu ule wa kupendeza. Ukitaka kuiokoa, ondoa sukari yako yote na uongeze konflawa kidogo, lakini usiiite ya chokoleti mbele ya watu wanaojua.

Kokoa halisi ni unga unaobaki baada ya mbegu kukaangwa, kusagwa na kukamuliwa sehemu kubwa ya mafuta yake. Familia ya Van Houten ya Amsterdam ndiyo iliyopata hataza ya mashine ya kukamulia mwaka 1828, na njia yao ya kuitia kokoa magadi ndiyo iliyoleta ile kokoa nyeusi, laini ya ladha, inayochanganyika kwa urahisi. Ile ya asili, isiyotiwa magadi, ni ya rangi hafifu na ina ukali wa tunda. Kwa keki tofauti hii ni kubwa, maana huingilia kazi ya baking soda. Kwa pudini yetu zote mbili zinafaa. Mimi huipenda ya asili nikiweka ndizi na nyeusi nikiweka embe, na sitamgombeza atakayefanya kinyume.

Madonge? Kokoa haipendi maji; ukiimwaga juu ya maziwa ya moto huelea kama vumbi na kujifunga. Ndiyo maana nilisema ichanganywe kavu na sukari kwanza. Chembe za sukari huitenganisha, na maziwa baridi huilowesha taratibu.

Na kuna wanaosema chokoleti ni kitu cha kizungu, hakituhusu. Kokoa inalimwa nchini humuhumu. Kyela, mkoani Mbeya, kando ya Ziwa Nyasa, ndiko kitovu chake, na Kilombero mkoani Morogoro nako inastawi. Sehemu kubwa ya mbegu hizo husafirishwa nje na kurudi kwetu zikiwa kwenye karatasi za kumetameta. Hilo ni tatizo la viwanda, na kuacha kupika pudini hakulitatui. Kuhusu bei, wanaolalamika hawakosei. Machi 2024 kokoa katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na Desemba ya mwaka huohuo ikapita 12,000, kwa sababu ya mavuno mabaya Ghana na Kodivaa. Lakini pudini yetu inakula vijiko vitatu kwa watu wanne au watano. Anayeona hata hiyo ni ghali afute kile kipande cha chokoleti kwenye orodha, abaki na unga.

"Matunda na chokoleti havipatani."

Havipatani kwa nani? Embe boribo lililoiva sawasawa, lenye utamu na ule uchachu kidogo unaobaki karibu na kokwa, huukata uzito wa kokoa vizuri kuliko krimu yoyote. Kaskazi ikivuma na maembe yakajaa sokoni Mwanakwerekwe hadi yakauzwa kwa mafungu, ndio wakati wake. Ndizi hazina msimu. Chukua zenye ngozi iliyoanza madoa, uzikate wakati wa kula na si kabla, ama uzinyunyizie ndimu kidogo zisigeuke nyeusi. Pasheni mimi naiweka juu kabisa, mbegu na yote, maana kokoa hupenda kitu kikali. Shokishoki zikitolewa kokwa hupendeza, ila kazi yake ni ya mtu mwenye subira. Fenesi lina harufu inayotawala. Vipande viwili vinatosha. Doriani sijathubutu, na sina mpango huo.

Upande wa pili wapo wanaosema tunda lolote linafaa, litupwe tu humo. Nao wapingwe vilevile. Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, na papai, hasa likiwa halijaiva vyema, lina papaini. Vyote viwili huvunja protini. Mama zetu wanaijua papaini kwa kazi yake: ndiyo inayolainisha nyama ya mishikaki ukiipaka papai bichi. Ukiviacha vimeng'enya hivyo vikae ndani ya kitu chenye maziwa, huzikatakata protini za maziwa vipande vidogo, na baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Mpishi huonja baada ya saa mbili, akakunja uso, akalaumu kokoa. Nanasi lichemshwe kwanza na sukari kidogo kwa dakika chache. Joto huviua vimeng'enya na harufu ya nanasi inabaki. Kipande cha mdalasini ndani ya sufuria hiyo si kosa. Papai nalo lipangwe juu wakati wa kula, au liachiwe sahani yake.

Jambo jingine ni uchachu. Maji ya ndimu, pasheni au chungwa yakipikwa pamoja na wanga huudhoofisha, na pudini hulegea. Kwa hiyo tunda chachu lije baada ya moto. Na tunda lenye maji mengi, tikiti kwa mfano, litatoa maji yake na kufanya dimbwi chini ya bilauri. Tikiti lina heshima yake, lakini si humu.

Kinachobaki ni mpangilio. Pudini ikiwa bado ya moto usiitie matunda, yatapikika na kumwaga maji. Subiri ipoe hadi uvuguvugu, weka tabaka la pudini, tabaka la tunda, tabaka la pudini. Atakaye kuvunja biskuti katikati avunje.

"Bila yai lazima jelatini, na jelatini ina utata."

Utata upo kweli. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na sehemu kubwa ya ile ya viwandani duniani hutoka kwa nguruwe. Katika mtaa ambao karibu kila nyumba ni ya Waislamu, swali hilo ni la msingi, na anayenunua pakiti za jeli asome au amuulize muuza duka. Lakini hoja hii inaipiga pudini isiyohusika. Humu hamna jelatini. Wanga umemaliza kazi.

Anayetaka pudini ngumu zaidi, ya kupindua sahanini na kukatwa kwa kisu, anayo agari, zile nyuzi nyeupe za kupikia faluda, ambazo hutokana na mwani. Na hapa naomba nitoke nje ya sufuria kidogo. Tangu mwaka 1989 mwani unalimwa kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina zinazolimwa ni spinosamu na kotoni. Hizo hazitoi agari. Zinatoa karajinani, na karajinani ina uhusiano wa pekee na maziwa: hukamatana na protini zake na kuunda wavu mwembamba sana. Ndiyo inayofanya maziwa ya chokoleti ya viwandani yasitue kokoa chini ya chupa, na kiasi kinachohitajika ni chini ya gramu moja kwa lita. Kwa hiyo mama anayesimama majini Jambiani maji yakitoka, akifunga mwani wake kwenye kamba, analisha viwanda vinavyosimamisha kokoa ndani ya maziwa bila yai. Halafu tunaambiwa hapa Unguja kwamba kokoa na maziwa bila yai havisimami.

Sishauri mtu aokote mwani ufukweni autie chunguni. Karajinani husafishwa na kukaushwa kiwandani, na mwani mbichi una chumvi na harufu ya bahari. Wanawake wa pwani ya mashariki wameshaanza kutengeneza sabuni na vyakula vya mwani, na siku pakiti ya unga wa kupikia kutoka Paje ikifika kwenye rafu za maduka yetu, nitaweka konflawa pembeni.

"Bila friji haiwezekani."

Waliokuwapo Unguja Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kuishi bila friji. Umeme wetu huja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kusini mwa hapa Kiembe Samaki. Waya wa kwanza ulilazwa mwaka 1980 na wa pili, wa megawati 100, mwaka 2013. Katikati ya hapo kisiwa kilikaa gizani karibu miezi mitatu. Watu waliendelea kupika.

Pudini ya wanga huganda kwa kupoa tu, na kupoa hakuhitaji umeme. Weka vikombe kwenye sinia lenye maji ya kawaida, ubadilishe maji mara moja yakishapata joto, na ndani ya saa moja hivi itakuwa imeshika. Friji huifanya iwe baridi, na baridi ni tamu kwa joto letu, nakubali. Lakini kushika na kuwa baridi ni mambo mawili. Tahadhari ni moja: ni chakula cha maziwa, na hewa ya pwani ina joto. Kama haiingii kwenye friji, iliwe ndani ya saa mbili tangu ipoe. Isilazwe mezani hadi kesho kwa kuwa eti haina yai. Maziwa nayo huharibika. Ule utando unaojitengeneza juu huzuilika kwa kulaza karatasi ya nailoni igusane na uso wa pudini. Kwetu kuna watoto wanaougombania utando huo, basi uachwe.

"Haina lishe."

Yai moja lina gramu 6 hivi za protini. Nusu lita ya maziwa ina karibu 16. Anayetetea lishe aangalie hesabu hiyo, halafu aangalie vijiko vile vya sukari, ambavyo ndivyo vya kutiliwa shaka kweli. Pudini hii ni kitamutamu cha baada ya chakula, iwe na yai isiwe nalo. Isipewe kazi ya uji wa mtoto.

"Ni ya wagonjwa na Wahindu."

Mtoto mwenye mzio wa mayai, anayevimba midomo au kutoka vipele akionja keki ya jirani, anahitaji pudini hii kuliko mtu yeyote, na wazazi wake hawana haja ya kueleza zaidi. Wasome tu viungo vya chokoleti na biskuti kabla ya kutia. Wahindu wengi wasiokula mayai wameishi Mji Mkongwe vizazi kwa vizazi, hekalu lao liko Hurumzi, na mapishi yao ya maziwa, wanga na hiliki yalishaingia katika mapishi yetu zamani, ndiyo hayo tunayoyaita ya kwetu. Wageni wanaolala mahotelini, wasiogusa kitu cha mnyama, huuliza pudini ya tui. Na kuna siku trei la mayai limeisha na wageni wako njiani kutoka uwanja wa ndege, dakika chache tu na hapa. Wote hao ni walaji. Sioni kwa nini chakula kidharauliwe kwa kuangalia nani alikihitaji kwanza.

"Basi ni sawasawa na pudini ya mayai, hutaona tofauti."

Hoja hii ya mwisho hutolewa na wa upande wangu, na siikubali hata kidogo. Tofauti utaiona. Pudini ya mayai yenye sukari ya kuungua hutetemeka ikipinduliwa, ina uso wa kung'aa na ladha ya maziwa yaliyopikwa pole, na wanga hauwezi kuiga hayo. Kila aliyejaribu kuitengeneza kwa konflawa ameishia na kastadi iliyomwagiwa asali nyeusi. Anayeitamani hiyo aende dukani anunue mayai manne, achukue chombo cha mvuke, na asinisumbue kuhusu kokoa.